Ajaili kwenye Ghala la Data: Kinachorekebishika na Kisichorekebishika

Timu yetu ilikuwa imejenga dashibodi ya mauzo, ukurasa mmoja wa grafu na takwimu, kwa mizunguko mitatu ya wiki mbili mbili, na wakuu wa idara walishazoea kuifungua kila asubuhi. Siku ya onyesho, meneja mmoja akauliza swali la kawaida kabisa: mwaka uliopita, wateja wa kila kanda walinunua kiasi gani? Tukachuja kwa kanda, takwimu zikatoka, naye akatikisa kichwa. Kanda moja ilikuwa na mauzo makubwa katika miezi ambayo kampuni haikuwa hata na tawi huko.

Tulichimba hadi jioni ndipo tukaona tatizo. Kila mteja alipohama, mfumo wa mauzo ulifuta anwani ya zamani na kuandika mpya mahali pale pale. Sisi nasi tulikuwa tunanakili jedwali lake la wateja kila usiku kama lilivyo, nakala ya leo ikifuta ya jana. Mteja akihama, mauzo yake yote ya nyuma yanahama naye. Kurekebisha programu kulichukua siku mbili. Anwani za zamani hatukuzipata tena.

Hilo ndilo linalonijia kila unapozuka ubishi kuhusu kutumia mbinu za ajaili (agile, yaani kujenga programu kwa hatua fupi fupi) kwenye miradi ya ripoti za biashara na ya ghala la data, hifadhi inayokusanya data za mifumo mbalimbali mahali pamoja. Wapo wanaosema miradi mingi ya namna hii imefia mezani ikichorwa mwaka mzima, kwa hiyo dawa ni kujenga kidogo, kuonyesha, kusikiliza na kurekebisha. Na wapo wanaosema ghala ni msingi wa nyumba, na msingi haumwagwi vipande vipande kila baada ya wiki mbili. Nimefanya kazi na watu wa pande zote mbili, na naona kila upande umeshika kweli moja na kuiacha nyingine.

Tukumbuke kwanza ajaili ilitoka wapi. Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi lenye tunu nne: watu na mawasiliano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko rundo la nyaraka, ushirikiano na mteja kuliko kujadiliana mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Skramu, mfumo wa kazi ambao timu nyingi leo huuita ajaili yenyewe, ulikuwepo kabla ya hapo. Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliuwasilisha mwaka 1995. Watu hao walikuwa wanazungumzia programu. Programu ikikosewa, unaiandika upya. Ghala lina programu ndani yake, lakini lina pia kitu kingine ambacho tamko lile halikukigusa: kumbukumbu ya mambo yaliyokwisha kutokea.

Hoja ya wanaotetea ajaili ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Mtumiaji wa ripoti hajui anachotaka mpaka aone kitu. Umuulize mkuu wa fedha ataje mahitaji yake, atakutajia ripoti anazozipata tayari, labda ziwe za haraka kidogo. Mpe jedwali moja lenye takwimu halisi, na ndani ya dakika 10 atakuuliza maswali matano ambayo hakuna hojaji ingeyapata. Bill Inmon, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kiliweka misingi ya fani hii, alilisema hilo mapema: mifumo ya kawaida huanza na mahitaji, ghala huanza na data, na mahitaji ndiyo yanayoeleweka mwisho. Miaka tisa kabla ya Snowbird. Kwa hiyo anayesema kazi ya hatua ndogo ndogo ni mgeni katika ghala la data anasahau historia ya ghala lenyewe.

Kuna sababu nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Data halisi hazifanani na zilivyoelezwa kwenye nyaraka. Fungua jedwali la wateja la mfumo uliotumika miaka mingi utakuta mamia ya watu waliozaliwa tarehe 1 Januari 1900, kwa sababu fomu ilikataa nafasi tupu na karani alihitaji kuendelea na kazi. Utakuta mzigo uliosafirishwa kabla ya kuagizwa. Utakuta safu ya simu ya pili ambayo idara moja, kwa makubaliano ya mdomo, huitumia kuandika namba ya mkataba. Hakuna mahojiano yatakayoyafichua hayo, kwa sababu anayehojiwa ama hayajui, ama ameyazoea kiasi cha kutoyaona. Timu inayovuta data halisi katika wiki ya kwanza huyakuta mapema, ikiwa bado na muda wa kuamua la kufanya. Timu inayochora miezi sita huyakuta mwezi wa saba, mchoro ukiwa umeshasainiwa.

Sasa upande wa pili. Kazi kubwa ya ghala haionekani. Kuomba ruhusa ya kusoma hifadhidata ya idara nyingine, kuoanisha namba za wateja kutoka mifumo mitatu, kujua ni lini mfumo wa chanzo hufunga hesabu zake za usiku: haya yanaweza kula wiki mbili nzima, na siku ya onyesho huna hata grafu moja ya kuonyesha. Timu ikibanwa ionyeshe kitu kila mara, itaegemea kwenye kinachoonekana. Dashibodi zinazidi, chini hakuna kitu. Idara ya mauzo inapata mteja wake, yaani yeyote aliyewahi kufunguliwa akaunti. Fedha wanapata wa kwao, yaani aliyelipa angalau mara moja. Kila dashibodi iko sahihi kwa maana yake, na kila moja ilitolewa kwa wakati. Kisha zinawekwa pamoja mbele ya bodi zikiwa na idadi mbili tofauti za wateja, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeziamini.

Tena kosa la ghala halipigi kelele. Programu ikiharibika, skrini inaganda na simu zinaanza kulia. Takwimu ikiwa na kosa, inakaa imetulia kwenye dashibodi, kwa rangi zake zile zile, watu wakiitumia kupanga bajeti. Ndiyo maana sikubali kuiita ajaili kazi ya ghala isiyo na majaribio yanayojiendesha yenyewe kila baada ya kupakia data. Idadi ya mistari iliyoingia ilingane na iliyotoka kwenye chanzo, jumla ya fedha ilingane na ya wahasibu, namba ya utambulisho isijirudie. Ni kazi ya kuchosha kuiandika. Bila hiyo, mzunguko wa wiki mbili unakuwa njia ya kueneza kosa upesi zaidi.

Ralph Kimball, mtaalamu mwingine wa maghala ya data, alikuwa na jibu zuri kwa tatizo la wateja wa aina mbili, na lilitangulia ubishi huu wote. Unachora jedwali moja kubwa kwenye karatasi: upande mmoja shughuli za biashara kama mauzo, manunuzi na malipo, upande mwingine mambo yanayoshirikiwa na shughuli hizo, kama mteja, bidhaa, tarehe na tawi. Unaweka alama panapokutana. Kisha unajenga shughuli moja baada ya nyingine, lakini mteja ni mmoja kote, kwa maana moja iliyokubaliwa. Kupanga ni siku chache, kujenga ni kidogo kidogo. Wanaotaka kila kitu kichorwe kwanza, na wasiotaka kuchora chochote, wote wangefaidika kuirudia karatasi hiyo.

Dan Linstedt, naye mtaalamu wa fani hii, alikuja na njia tofauti ya kupanga majedwali ya ghala, Data Vault, inayotenganisha utambulisho wa kitu, uhusiano wake na vitu vingine, na sifa zake zinazobadilika. Kikija chanzo kipya unaongeza majedwali bila kubomoa yaliyopo, na historia inahifadhiwa tangu mwanzo. Kwa timu ya ajaili hiyo ni nafuu kubwa. Gharama yake ni wingi wa majedwali: swali la kawaida linahitaji kuunganisha kadhaa, mtumiaji hawezi kuyasoma moja kwa moja, na lazima ujenge tabaka jingine juu yake. Kwa timu ya watu watatu yenye vyanzo viwili, mimi nisingeichagua.

Lakini kabla ya kuchagua njia, kuna swali ambalo kambi zote mbili hulipita: uamuzi huu nikiukosea, naweza kuurudisha nyuma? Muundo wa grafu unarudika kwa saa moja. Fomula ya faida inarudika kwa siku moja, mradi data za msingi zipo. Hata mpangilio mzima wa majedwali ya ripoti unaweza kubomolewa na kujengwa upya. Haya yote yaachiwe ajaili bila woga. Lakini ukiamua mstari mmoja wa jedwali uwakilishe jumla ya mauzo ya duka kwa siku, badala ya kila bidhaa kwenye kila risiti, na chanzo kikafuta risiti baada ya miezi mitatu, hakuna mzunguko wa kazi utakaokurudishia risiti. Ukiacha anwani ifutwe, imefutika. Maamuzi ya aina hii ni machache, na yanahitaji watu kukaa chini kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.

Wengine watasema jambo hili limekwisha, kwa kuwa uhifadhi kwenye wingu umekuwa rahisi: nakili chanzo chote kila siku, usifute chochote, uamuzi utafanywa baadaye. Kwa sehemu ni kweli, na timu nyingi sasa hupakia data ghafi kwanza na kuzibadilisha zikiwa ndani ya ghala. Laiti tungefanya hivyo, yule meneja angepata jibu lake. Ila kuhifadhi kila kitu kuna upande wake mbaya. Data hizo ni za watu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, inataka taarifa binafsi zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisizidi mahitaji ya lengo hilo, na mtu anaweza kudai zake zifutwe. Nakala mia tatu za anwani yake ni mahali mia tatu pa kufuta. Kwa hiyo tunarudi pale pale: lazima mtu aamue mapema ni kipi kinatunzwa, kwa muda gani na kwa nini.

Nilipopewa mradi mwingine, kwenye onyesho la kwanza sikupeleka dashibodi. Nilipeleka takwimu moja, jumla ya mauzo ya mwezi uliopita, ikilingana na daftari la wahasibu hadi senti ya mwisho. Chini yake kulikuwa na orodha ya safu 11 zinazobadilika, na mbele ya kila safu jina la mkuu wa idara aliyeamua kama historia yake itunzwe au la. Mkuu mmoja aliisoma, akakaa kimya kidogo, kisha akaomba kalamu abadilishe jibu lake kwenye safu ya anwani.