Siyapendi mazoezi, na sina mpango wa kuyapenda

Mtu mbaya kuliko wote wa kumwomba ushauri wa mazoezi ni yule anayeyapenda. Ameamka saa kumi na moja alfajiri, amerusha picha ya viatu vyake vyenye matope kwenye kundi la WhatsApp, halafu anakwambia kwa upole kabisa: "We anza tu, utanogewa." Hasemi uongo, maana yeye alinogewa kweli. Ila tupo wengine ambao tumeanza, tumeacha, tumeanza tena, na hakijanoga kitu. Kwetu sisi kukimbia ni kuhema, kichomi ubavuni, na kuhesabu nguzo za umeme zilizobaki mpaka nyumbani.

Tumezoea kuitwa wavivu. Mimi naona tumeonewa, na ushahidi wangu uko hapahapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe, ambao hadi leo baadhi yao wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, wamevishwa na watafiti vifaa vya kupimia mwendo mara nyingi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwakuta wanapata kama dakika 135 kwa siku za shughuli zinazopandisha mapigo ya moyo, wakati mtu mzima wa mjini anabembelezwa afikishe 150 kwa wiki nzima. Sawa, ni watu wa kazi. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2020 ukakuta kwamba watu haohao, ukiacha usingizi, hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Wanakaa kivulini, wanachuchumaa, wanapiga soga. Hakuna Mhadzabe anayekimbia kuuzunguka mbuyu ili apunguze kitambi. Anaupanda kwa sababu juu kuna asali.

Hiyo asali ndiyo hoja yangu. Mwili wa binadamu una ubahili wake wa asili, hautoi jasho la bure. Apendaye mazoezi amebahatika, asali yake imo ndani ya mazoezi yenyewe. Asiyependa inabidi aitafute kwingine: sokoni, mchezoni, kwa majirani, kwenye deni la mtu. Akiipata, moyo na misuli havitamuuliza kama alitoka nyumbani kwa nia ya mazoezi au la.

Na hili si la kujifariji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari mmoja wa London, Jerry Morris, alijiuliza kwa nini watu wanakufa sana kwa ugonjwa wa moyo, akaenda kuchunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na konda wanapanda basi lilelile, wanavuta hewa ya mtaa uleule, ila dereva amekaa siku nzima na konda anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 1953: makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na hata walioupata, wengi uliwajia kwa kuchelewa. Akalinganisha pia wapeleka barua wa posta, wanaotembea na kuendesha baiskeli, na makarani wanaoshinda mezani. Hadithi ikawa ileile. Elimu yote tuliyonayo leo kuhusu mazoezi na moyo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya watu ambao hawakuwa wakifanya mazoezi. Yule konda alikuwa anadai nauli tu. (Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99, kwa hiyo naona aliyaamini majibu yake.)

Ile mashine ya kukimbilia ya jimu nayo ina ukoo wake, na ni ukoo wa gerezani. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, wafungwa wakawa wanalikanyaga saa kwa saa bila kufika popote. Mengine yalisaga nafaka, mengine hayakusaga chochote, ilikuwa adhabu tupu. Uingereza ililiondoa magerezani mwaka 1898 kwa kuona ni ukatili. Sisemi jimu ni jela, nina marafiki wanaokwenda kwa hiari yao na wanarudi na furaha. Nasema tu kwamba mtu anayelipia Januari na kutokomea Februari asijilaumu kupita kiasi.

Sasa nikupeleke Kariakoo.

Mamdogo wangu ana kisukari. Kila akirudi kliniki anaambiwa atembee nusu saa kwa siku, na kila mara anaitikia "sawa, daktari" kwa adabu zote. Nyumbani ni wimbo mwingine: "Mwanangu, nitembee niende wapi? Nitoke hapa mpaka pale, halafu nigeuze nirudi? Watu si watasema nimechanganyikiwa?" Na magoti. Magoti yanauma, na yanauma zaidi ukitaja neno mazoezi.

Siku moja akataka mapazia, nikamsindikiza. Tuliingilia Msimbazi, tukaufagia Mtaa wa Congo duka kwa duka. Anashika kitambaa, anakikunja kwenye kidole, anakiinua juu kwenye mwanga. "Hiki kikifuliwa mara mbili kinakuwa chandarua." Tunatoka. Akasikia kuna duka ghorofani wanauza kwa bei ya jumla, tukapanda ngazi nyembamba zilizojaa marobota, tukakuta kweli bei imepungua kidogo kwa mita. Unadhani alinunua? Alishuka, akarudi mpaka duka la kwanza kabisa, upande wa pili wa soko, kumwambia yule kijana kwamba ghorofani ni nafuu na amsikie atasemaje. Kijana akasema, "Mama, kwa wewe nitakupunguzia." Akapunguza. Tukarudi tena ghorofani kuwaambia na wao. Mimi ndiye niliyeomba tukae tunywe maji. Goti halikutajwa mchana kutwa.

Kwa hiyo sikumwambia tena atembee. Nilimwambia aache kuwatuma watoto na kupiga simu: pesa ya upatu aifuate mwenyewe, nyumba kwa nyumba, jioni jua likipoa. Ukitaka kumtembeza mtu, mpe wadeni. Mwenye deni humkuti kwa safari moja, na akikuona unakuja kwa mbali anapitia mlango wa uani, basi inabidi uzunguke. Daktari akimuuliza siku hizi anasema anatembea, na hadanganyi.

Akatokea mjuaji akamwambia lazima zifike hatua 10,000 kwa siku. Hiyo namba haikutoka hospitali. Ilitoka kwenye jina la kibiashara la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wakati nchi bado ina joto la Olimpiki ya Tokyo ya mwaka uliotangulia. Ni namba nzuri kuitamka, basi. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2019 kwa wanawake wazee, wastani wa umri miaka 72, uliona kwamba waliofikisha kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini sana kuliko waliokwama kwenye 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka kama 7,500 kisha ikatulia. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, liliondoa lile sharti la zamani kwamba zoezi lisipofika dakika 10 mfululizo halihesabiwi. Ngazi za ofisini zinahesabiwa. Kukimbilia basi la mwendokasi pale mlango unapotaka kufunga kunahesabiwa pia.

Wapo wanaochukia mazoezi lakini hawachukii watu, na hao dawa yao ni vikundi vya jogingi. Mgeni akilala Temeke au Mbagala Jumamosi akiamkia kelele barabarani anaweza kudhani kuna maandamano: watu hamsini, fulana za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, mchakamchaka kama wa shuleni. Wengi wao peke yao hawawezi kukimbia hata mpaka dukani. Lakini kikundi kina daftari, kina mchango wa msiba, kina katibu anayeuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana. Na mwisho wa safari kuna supu. Watu wa lishe hununa wakiitaja hiyo supu na chapati mbili, wanapiga hesabu kwamba umerudisha ulichochoma na chenji juu. Waacheni watu na supu yao. Ndiyo iliyowatoa kitandani.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilitangazwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima. Zanzibar wana siku yao tarehe 1 Januari. Ni mambo mazuri, ila jogingi ya mtaani haikusubiri tangazo, kama ambavyo ya Bujumbura haikusubiri. Kule Burundi kukimbia kwa makundi na nyimbo kumenoga kiasi kwamba mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku jogingi za vikundi nje ya maeneo yaliyoruhusiwa, ikihofia kuna siasa ndani yake. Sijawahi kusikia serikali inayoogopa watu walio peke yao kwenye mashine ya kukimbilia.

Hapo kwenye supu niseme na jambo moja linaloharibia wengi. Tumechanganya mazoezi na kupungua. Mtu anatembea mwezi mzima, anapanda mzani, kilo ziko palepale, anasema mazoezi hayana maana, anaacha. Tuwarudie Wahadzabe: mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walipima nishati wanayotumia kwa siku, wakakuta kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, haina tofauti kubwa na ya Mmarekani anayeshinda kwenye kiti. Mwili una namna ya kubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo kitambi ni kesi ya sahani zaidi kuliko ya miguu. Miguu inafanyia kazi presha, sukari, moyo, usingizi, na mzani hauonyeshi hata kimoja kati ya hivyo. Mimi ningekuwa na mamlaka, mizani ningeifungia stoo.

Kwa wanawake kuna kikwazo cha ziada ambacho wanaume wanaotoa ushauri hawakijui: macho ya watu. Kukimbia barabarani ukiwa mwanamke mnene ni kujitolea kusikiliza maoni ya kila kijiwe. Ndiyo maana mimi nawapigia debe wacheza rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara au soksi, mmoja yuko katikati na chupa tupu, anajaza mchanga kwa kiganja huku akikwepa kupigwa. Anainama, anachota, anaruka, anageuka, anainama tena. Mcheze dakika tano uone. Nimeona wanawake wazima na vilemba vyao, kanga wamezifunga kibwebwe, wakicheza uani mpaka magharibi huku wakibishana kama mpira umegusa nguo au haukugusa. Ubishi huo ndio unaowarudisha kesho yake. Asiyetaka mpira kuna singeli, muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika bila wasiwasi. Arusi moja ya uswahilini ikikolea inatosha kwa wiki.

Kutembea kwenda kazini ningekusifia zaidi kama njia zingekuwepo. Pembeni ya Barabara ya Morogoro, tangu mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, pana njia ya waenda kwa miguu, na kushuka kituo cha Fire ukamalizia kwa miguu mpaka Posta asubuhi ni raha kabisa. Barabara nyingine unatembea kati ya mtaro na bodaboda, jua la saa tano utosini. Kigali wanafunga barabara kwa magari Jumapili mbili za kila mwezi ili watu wazitumie. Sisi bado tunagombea kivuli cha nguzo.

Lipo moja ambalo sikufanikiwa kulifichia asali. Mwongozo wa afya unataka misuli nayo ipewe kazi nzito angalau siku mbili kwa wiki, maana umri ukisogea nguvu inavuja, na siku moja unajikuta unahitaji kushikilia ukuta ili uinuke kwenye mkeka. Waliokulia kwenye choo cha kuchuchumaa wana akiba kidogo ya mapaja. Sisi wa vyoo vya kukaa hatuna. Kijana mmoja jirani yangu ni kocha wa jimu, na alipojua naandika makala hii alinikamata ngazini.

"Kaka, kutembea sawa, rede sawa. Kitu kizito unanyanyua saa ngapi?"

Nikamwambia nanyanyua madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, kutoka kisimani mpaka ghorofa ya tatu, maji yakikatika.

Akafikiri kidogo, akakubali kwamba hiyo inafaa, mgongo tu niuweke wima. Halafu akataka kujua ni mara ngapi kwa wiki.

Nikamwambia hilo awaulize wenye maji.