Impidansi ya ingizo kwenye prosesa ya gitaa: iachwe 1M au ishushwe?

Wapiga gitaa wa Dar es Salaam wanaotumia prosesa za kidijitali wana ubishi usiokwisha juu ya mpangilio mmoja mdogo uliojificha kwenye menyu ya ingizo: impidansi, yaani ukinzani ambao ingizo la kifaa linaliwekea gitaa. Hupimwa kwa omu; k ni elfu moja, M ni milioni moja. Kwenye Helix ya Line 6 unaitwa In-Z, na unakupa 10k, 22k, 32k, 70k, 90k, 136k, 230k, 1M na Auto. Axe-Fx III ya Fractal ina orodha inayokaribiana na hiyo. Kuna wanaosema weka 1M usahau, toni utaitengeneza kwenye ikwalaiza. Wengine wanasema ukifanya hivyo unaua tabia ya pedali za zamani ambazo prosesa inajaribu kuziiga. Pande zote mbili zina hoja za kweli, lakini nyingi zinatolewa bila kuangalia kinachotokea kwenye kebo kabla sauti haijageuzwa kuwa namba, na jibu liko hapohapo.

Pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) isiyotumia betri ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Ukiipima kwa mita, pikapu ya Strat (gitaa la Stratocaster la Fender) inasoma kama kiloomu 6. Kipimo hicho hakisemi mengi kuhusu toni. Kinachobeba toni ni indaktansi yake (jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo), ambayo ni kama heneri 2.5, pamoja na kapasitansi ya kebo (uwezo wake wa kutunza chaji), kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Kwa kebo ya mita 5, ukijumlisha na kapasitansi ya pikapu yenyewe, unapata pikofaradi 600 hivi. Viwili hivyo vikikutana vinainua kilele, yaani masafa yanayotoka kwa nguvu zaidi, kwenye kilohezi 4.1, na juu ya hapo sauti inaporomoka. Kilele hicho ndicho kinacholifanya gitaa ling'ae.

Kilele kikae wapi, hilo ni suala la pikapu na kebo. Kiwe kirefu kiasi gani, hilo ni suala la mzigo, na hapo ndipo mpangilio wetu unapoingia. Poti (rizista za kusokota) ya volyumu ya 250k na ya toni ya 250k tayari zinaibebesha pikapu mzigo wa 125k; namba ikiwa ndogo, mzigo ni mzito zaidi. Ukichomeka kwenye ingizo la 1M, mzigo wote unakuwa 111k. Ukishusha hadi 230k, unakuwa 81k. Ukishusha hadi 22k, hata 19k haufiki. Kwa hesabu, kutoka 1M kwenda 230k kilele cha Strat kinapungua kama desibeli 2 na nusu. Kutoka 1M kwenda 22k pengo ni kama desibeli 14: kilele kinatoweka kabisa na trebo inaanza kushuka mapema, kwenye kilohezi 1 na nusu hivi.

Wengi huamini kwamba humbucker (pikapu ya koili mbili), kwa kuwa ni nzito na nene, haiguswi sana na 230k. Ni kinyume chake. Gitaa la humbucker kwa kawaida lina poti za 500k, kwa hiyo mzigo wake wa ndani ni mwepesi na sehemu kubwa ya uamuzi inabaki kwa ingizo la kifaa. Kwa pikapu ya heneri 4.5 na kebo ileile, kilele kiko kilohezi 3, na kutoka 1M kwenda 230k kinapungua karibu desibeli 4. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya Strat, na inaangukia mahali ambapo sikio ni jepesi kusikia. Mwenye Les Paul (gitaa la humbucker la Gibson) anayelalamika kwamba prosesa yake "inazima" gitaa aanze kwa kuangalia namba hii kabla ya kulaumu spika.

Upande wa 1M una nguvu kubwa hasa kwa muziki unaopigwa hapa mjini. Kwenye dansi la mtindo wa Msondo au Sikinde, gitaa la solo linapita juu ya rizim, solo ya pili, besi na tarumbeta, na linapita kwa sababu ya mng'ao ulio kati ya kilohezi 2 na 4. Ukiukata mng'ao huo kwenye ingizo, ikwalaiza itaurudisha pamoja na kelele, na tena hautarudi na umbo lilelile. Kukata baadaye ni rahisi, kurudisha ni kazi. Isitoshe, volyumu ya gitaa ikiwa imefunguliwa yote, tofauti ya 1M na 230k ni kichujio tu. Shusha desibeli 2 na nusu kwenye kilohezi 4.1 kwa ikwalaiza ya kengele pana, utakaribia sana kile ambacho 230k ingekupa. Aliye upande huu anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini nifunge mlango ambao naweza kuurudishia tu?

Hata mapokeo ya ampu za taa (vali) yako upande wake. Ingizo la kwanza la Fender za zamani lina mega-omu 1. Ingizo la pili la ampu hizohizo linapitisha sauti kwenye rizista mbili za 68k zinazofuatana, jumla 136k, na linashusha nguvu kwa desibeli 6. Ile 136k kwenye menyu ya Helix inalingana na ingizo hilo. Anayetaka sauti ya Fender kwenye ingizo la kwanza hana sababu ya kushuka chini ya 1M.

Lakini hoja ya ikwalaiza inasimama mradi hujagusa volyumu ya gitaa. Ukiigusa, inaanguka, na hapo upande wa pili una haki yake.

Poti ya volyumu ya 250k ikifika katikati ya upinzani wake, gitaa linakuwa chanzo cha hadi kiloomu 62 kwa kifaa kinachofuata. Ingizo la 1M linapoteza nusu desibeli tu kwa hilo. Ingizo la 230k linapoteza desibeli 2. Ingizo la 22k linapoteza karibu 12, juu ya kile ambacho poti yenyewe imeshakata. Ndiyo maana pedali za fazi (zinazokwaruza sauti kwa nguvu) za mtindo wa Fuzz Face, iliyotoka Uingereza mwaka 1966, zinajulikana kwa kusafika (kupoteza mkwaruzo) mara tu unaposhusha volyumu kidogo. Ingizo lao ni zito mno, na kusokota kidogo tu kwenye gitaa kunabadilisha nguvu na toni kwa pamoja. Ikwalaiza iliyo ndani ya prosesa haijui kidole chako kimeiweka wapi poti. Inakata kilekile muda wote. Fazi ya kidijitali iliyowekwa kwenye 1M itanguruma vizuri volyumu ikiwa 10, lakini ukishusha hadi 7 haitasafika inavyopaswa; itapungua sauti tu na kubaki na ukali unaochoma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: 1M ndiyo iwe ya kawaida kwa kila priseti (sauti uliyoihifadhi kwenye prosesa), na namba ya chini iwekwe kwa mkono kwenye zile priseti chache ambazo fazi iko mwanzo wa mnyororo na mpigaji anaiongoza kwa volyumu ya gitaa. Wawa (pedali ya kanyagio inayofungua na kufunga toni) nayo inastahili kujaribiwa kwenye 70k au 90k. Kwa distosheni za kawaida, korasi, dilei na sauti safi, sioni sababu ya kushuka.

Auto siipendekezi jukwaani. Inaangalia kifaa cha kwanza kwenye mnyororo na kufuata impidansi yake. Ukisogeza fazi nyuma ya ikwalaiza, au ukiongeza kompresa mbele yake, mzigo unabadilika bila wewe kukusudia. Wimbo mmoja unapigwa kwa 22k, unaofuata kwa 1M, na fundi mitambo anaona gitaa limekuwa kali ghafla. Anakata trebo kwenye mikisa, halafu wimbo wa tatu unatoka umefukiwa. Nyumbani Auto ni mwalimu mzuri, kwa sababu inakuonyesha waundaji walidhani kila kifaa kinahitaji mzigo gani.

Kujaribu tofauti hii kunahitaji uangalifu, na watu wengi wanahitimisha kwamba mpangilio haufanyi kitu kwa sababu wamejaribu vibaya. Kosa la kwanza ni kurekodi kifungu kwenye lupa (kifaa cha kurudiarudia kilichorekodiwa) kisha kubadilisha In-Z huku kikijirudia. Hakuna kitakachobadilika. Mzigo unaikamata pikapu kabla sauti haijaingia kwenye namba, kilichorekodiwa kimeshapita. Ni lazima upige tena kila unapobadilisha. Vilevile, kupiga upya wimbo uliorekodiwa mkavu kwa kupitisha sauti hiyo kwenye ampu nyingine hakuwezi kurekebisha namba uliyoikosea siku ya kurekodi.

Kosa la pili ni kuwa na bafa (saketi inayoikinga pikapu na mzigo unaofuata) mbele. Tyuna ya Boss TU-3 ina bafa hata ikiwa imezimwa. Ikikaa kati ya gitaa na prosesa, pikapu inaona ingizo la tyuna, na prosesa inaona bafa yenye impidansi ndogo isiyotikiswa na 230k wala 1M. Wayalesi ni hivyohivyo: kinachoibebesha pikapu mzigo ni kirushio kilicho kiunoni, na kipokezi kinatoa sauti ambayo tayari imekingwa. Pikapu za betri kama EMG 81 zina bafa ndani yake, kwa hiyo namba za juu na za kati kwenye menyu hazitazigusa kwa kiasi cha kusikika. Mwenye gitaa la namna hiyo aache 1M aendelee na mambo mengine.

Chomeka gitaa moja kwa moja kwa kebo unayoitumia kila siku, zima vifaa vyote isipokuwa ampu moja safi, volyumu na toni 10. Piga kodi ya E iliyo wazi, kisha nyuzi tatu nyembamba, kwa 1M. Nenda 230k, upige vilevile, halafu 22k. Kabla ya kutoa hukumu, sawazisha nguvu kwa kitufe cha sauti ya kutokea, maana namba za chini zinapunguza sauti na sikio hupenda chenye kelele zaidi. Rudia yote volyumu ya gitaa ikiwa 6. Mzunguko huu wa pili ndio wenye somo.

Prosesa nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu hazina mpangilio huu. Anayeuhitaji kwa ajili ya fazi anaweza kujitengenezea kiboksi kwa vipande ambavyo fundi wa redio yeyote wa Kariakoo anavijua: kasha dogo la chuma, jeki mbili, swichi moja na rizista ya robo wati. Unganisha jeki kwa jeki, ncha kwa ncha na gamba kwa gamba, kisha weka rizista kati ya ncha na gamba kupitia swichi. Kwa prosesa yenye ingizo la 1M, rizista ya 300k inakupa 230k. Ukikosa 300k, ile ya 270k inatoa kama 213k na ya 330k kama 248k, sikio halitalalamika. Rizista ya 22k inatoa 21.5k. Kasha liwe la chuma na liungane na gamba la jeki, la sivyo litavuta mvumo wa umeme wa jengo zima.

Makanisani tatizo kubwa haliko kwenye menyu hata kidogo. Gitaa linachomekwa kwa kebo ya mita 20 hadi kwenye mikisa iliyo nyuma ya ukumbi, na kilele cha Strat kinashuka kutoka kilohezi 4.1 hadi 2.2. Halafu linaingia kwenye ingizo la laini, ambalo mara nyingi ni 10k hadi 20k, na kile kilichobaki kinazimwa. Weka prosesa miguuni mwa mpigaji kwa kebo fupi, acha prosesa iendeshe kebo ndefu. Ikiwa hakuna prosesa, tumia DI boksi (kiboksi cha kuunganisha gitaa na mikisa) ya umeme yenye ingizo la 1M. Hatua hiyo inaokoa toni kuliko namba yoyote kwenye In-Z.

Magitaa ya nyuzi za nailoni na akustika yenye piezo (kinasa cha fuwele) bila priampu ndani yana shida ya upande wa pili. Piezo inafanya kazi kama kapasita ya nanofaradi 1 au chini yake. Kwa ingizo la 1M besi inaanza kupotea kwenye hezi 160, wakati uzi mnene wa E uko hezi 82. Ukishusha hadi 230k, gitaa linabaki kama limepigwa kwenye bati. Hapa hata 1M haitoshi: tafuta priampu yenye ingizo la mega-omu 10, iweke mbele ya prosesa, na uiache In-Z kwenye 1M.