Shemeji, Hizo Dola 775,000 Hazifiki

Jumamosi nilienda kunyolewa, nikarudi na hasira. Kinyozi wetu hapa Edmonton, Canada, ni mtu wa Bukavu, na duka lake siku za wikendi hugeuka baraza. Kuna Simba na Yanga, kuna Gor na AFC, kuna siasa za nchi tano, na tangu Oilers, timu yetu ya hoki ya barafu, wapigwe fainali mbili za ligi mfululizo na wale wale Panthers wa Florida, 2024 na 2025, kuna kodi. Ndiyo, kodi: wanadai Panthers hushinda kwa kuwa jimbo la Florida halitozi kodi ya mishahara, hivyo wachezaji hukimbilia huko. Mji huu umejaa watu ambao hawajawahi kujaza fomu zao wenyewe lakini wanakuhutubia kodi ya Florida hadi povu likutoke wewe.

Shemeji yangu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipoingia nchi hii, kwa hiyo hakatwi kauli mbele za watu. Akatoa simu, akasoma kwa sauti: Connor Bedard, mchezaji wa hoki aliyechaguliwa wa kwanza klabu zilipogawana vijana mwaka 2023, akasaini na Chicago akiwa na miaka 18, dola 950,000 kwa mwaka. "Kwa kufukuza kisahani cha mpira kwenye barafu," akasema. "Halafu wanalia makato! Mimi nikipewa hizo, serikali ichukue nusu, nitaipigia makofi."

Duka zima likacheka. Mimi nilikuwa na shuka shingoni na mashine sikioni, nikanyamaza. Lakini mimi kazi yangu ni mishahara. Ndilo jambo pekee ninalolijua vizuri duniani. Kila wiki mbili naona sura ya mtu anayekutana kwa mara ya kwanza na tofauti kati ya alichoahidiwa na alichopata, na sijazoea bado.

Niliiona kwanza kwa mama yangu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Nakuru, shilingi 38,000, na mtaa mzima ulijua ni 38,000 kwa sababu mama aliutangazia. Mwisho wa mwezi nikamletea karatasi ya mshahara kwa fahari. Akaikunjua, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole mstari kwa mstari: akiba ya uzeeni NSSF, bima ya afya NHIF, mkopo wa chuo HELB, kodi ya mshahara PAYE. Kidole kikasimama. "Huyu Paye ni nani," akaniuliza, "na mbona anakula kuliko mimi?" (Siku hizi wameongezewa na ya nyumba. Namshukuru Mungu sikuwepo mama alipoisoma hiyo.)

Turudi kwa hoki. Nilipotoka kwenye kiti nikaomba kalamu na risiti ya zamani. Bedard tumwache, nikamwambia shemeji, huyo ana marupurupu ya ufanisi yanayoweza kufika milioni 3.5 kwa mwaka juu ya hizo 950,000. Huyo hana shida. Tumchukue mwenzake wa kima cha chini cha ligi, yule wa kuingia dakika nane na kutoka na meno pungufu. Dola 775,000. Mseja, hana mtoto, anacheza Chicago, viwango vya 2024.

Kabla serikali haijanusa, ligi yenyewe mwaka huo ilikata asilimia 6 ya eskro. Shemeji akauliza eskro ni mdudu gani. Ni hivi: wachezaji na matajiri wenye klabu wamekubaliana kugawana mapato nusu kwa nusu, na kwa kuwa hakuna ajuaye mapato yatakuwa kiasi gani, sehemu ya mshahara inawekwa kando. Mahesabu yakifungwa na ikaonekana wachezaji wamelipwa kupita nusu yao, pesa inakwenda kwa matajiri. Isipozidi, inarudishwa. Yaani kijana ndiye anayemwekea tajiri dhamana ya biashara. Msimu wa 2020-21, baada ya korona, eskro ilikuwa asilimia 20. Kwa asilimia 6 ya kijana wetu, zitoe 46,500. Kodi ya serikali kuu, kama 222,000. Hifadhi ya jamii na bima ya wazee, kama 27,000. Jimbo la Illinois, 36,000. Wakala, tuseme asilimia 3, elfu 23. Kilichobaki ni kama dola 420,000.

"Bado ni nyingi," shemeji akasema.

Ni nyingi. Nakubali, na nakubali kwa shingo upande. Dada zetu wanaogeuza wagonjwa usiku kucha kwenye nyumba za wazee hapa hawataziona pesa hizo maisha yao yote, na sina mpango wa kumchangishia mchezaji yeyote. Ila mtu akifika hapo akasema mjadala umekwisha, ndipo damu inaponichemka, kwa sababu ndipo unapoanza.

Kodi ya mapato ina macho ya kuona mwaka mmoja tu. Haijui jana, haijui kesho. Inamkuta kijana kwenye mwaka wake mnene inamwambia wewe ni tajiri, panda ngazi ya juu, asilimia 37. Sasa mchukue huyu wa kima cha chini, mpe misimu mitatu, kisha goti liseme basi. Wengi wa aina yake hawafiki hata hapo. Amepata jumla ya kama milioni 2.3. Mweke kando yake mhasibu wa Chicago anayepata dola 93,000 kila mwaka kwa miaka 25, wala hafukuzi kisahani. Jumla ni ile ile, milioni 2.3. Kwa viwango hivyo hivyo vya 2024, mhasibu atailipa serikali kuu kama 12,300 kwa mwaka, jumla ya kama 307,000 kwa miaka yote 25. Mchezaji, kwa miaka yake mitatu, kama 667,000. Pesa sawa, kodi zaidi ya mara mbili. Kosa lake ni kwamba mwili wake haukukubali kuajiriwa robo karne.

Najua utakachoniambia: aliyezipata zote mapema anaweza kuziwekeza. Sawa. Ana miaka 22, ameacha shule akiwa mdogo kwa ajili ya barafu, na kila binamu ana wazo la biashara. Waafrika wenzangu, hapo sina haja ya kuwaeleza.

Na hili si jambo geni ambalo halijawahi kufikiriwa. Marekani ilikuwa na utaratibu wa kulinganisha mapato ya miaka kadhaa ili mtu asipigwe na mwaka mmoja mnono, tangu miaka ya 1960 hadi walipoufuta kwenye mageuzi ya 1986. Canada nayo ilikuwa na wake, ukafutwa muongo huo huo. Walisema wanarahisisha fomu. Mimi najaza fomu hizo, na nakuhakikishia hakuna kilichorahisika.

Lakini hayo yote ningeyameza kama si jambo moja. Anayenunua klabu ya michezo Marekani anaruhusiwa na sheria ya 2004 kugawa karibu bei yote aliyotoa katika miaka 15, na kila mwaka kupunguza sehemu hiyo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Humo ndani mna mikataba ya wachezaji. Uchakavu, mnaelewa? Kama lori. Kama mashine ya kusaga. Sheria inakiri kwa maandishi kwamba mchezaji ni kitu kinachochakaa, thamani yake inaliwa na muda, na ni haki mwenye kitu apewe nafuu. Ila mwenye kitu ni tajiri. Goti linachakaa kwenye vitabu vya mwenye klabu, ambaye hajawahi kuumia goti. Kwenye vitabu vya mwenye goti halichakai hata senti.

Mwenye goti yeye hata ada ya wakala wake hawezi kuitoa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Zamani angeweza kupunguza ada ya wakala, ada ya chama, gharama za mazoezi ya kiangazi, kwa masharti fulani. Sheria ya 2017 ikaja na ahueni kubwa kwa makampuni, na kuanzia 2018 mwajiriwa akazimiwa hayo yote. Zile dola elfu 23 za wakala anazilipia kodi kana kwamba alizila yeye. Sijui mtu aliyeketi akaandika vifungu hivi viwili katika nchi moja analalaje, lakini nadhani analala vizuri sana.

Shemeji hapo alikuwa kimya. Kinyozi alikuwa amezima mashine.

Na huyo ni aliyetulia mjini mmoja. Tazama wa hapa kwetu. Timu ya pili ya Oilers iko Bakersfield, California. Ndiyo, jangwani kule. Kijana mwenye mkataba wa njia mbili, yaani mshahara mmoja akiwa timu ya pili na mwingine akipandishwa, akiwa chini anapata labda dola elfu themanini na kitu kwa msimu, na California inakata chake. Mtu akiumia huku, anapigiwa simu usiku, asubuhi yuko kwenye ndege, jioni ameteremka kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri akiwa na viatu vya California. Kila siku anayokaa juu ni dola 4,000 na kitu. Wiki mbili, kama dola 60,000. Canada inakata, Alberta inakata, Marekani inataka kuonyeshwa hesabu, na ingawa kuna mkataba kati ya nchi hizi wa kumwepusha kulipa mara mbili, kuepushwa huko ni rundo la fomu na bili ya mhasibu.

Sasa nikupe siri ya ofisini kwetu. Kompyuta ya mishahara haijui hoki. Ikiona dola 60,000 kwa nusu mwezi, inazidisha mara 24 na kuamua kwamba huyu bwana anapata zaidi ya dola milioni 1.4 kwa mwaka. Inamkata hivyo. Wiki mbili baadaye karudishwa Bakersfield, bado anakula tambi na wenzake watatu nyumba moja, na pesa yake ya ziada iko serikalini ikimsubiri ajaze marejesho mwaka unaofuata. Nimewahi kumweleza jambo hilo kijana mmoja, si wa hoki, wa visima vya mafuta, kazi za msimu, mkataba mnono wa wiki sita. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa adabu kama mimi ndiye niliyezichukua.

Kodi za safarini nazo zina vituko vyake. California iliwatoza Chicago Bulls wa mpira wa kikapu baada ya Michael Jordan kuipiga Lakers kwenye fainali za 1991, Illinois ikalipiza, na tangu hapo mchezaji analipa karibu kila jimbo analolala hotelini. Tennessee ilipitiliza: haina kodi ya mishahara, kwa hiyo ikabuni dola 2,500 kwa kila mechi, hadi mechi tatu kwa mwaka, iwe wewe ni nyota au wa kima cha chini. Wakati mmoja kima cha chini kilikuwa dola 525,000, ambazo kwa mechi 82 ni kama 6,400 kwa mechi. Piga asilimia. Hata wachezaji wa Nashville, timu ya Tennessee yenyewe, walilipa, nyumbani kwao. Kwa wana hoki ilifutwa 2014.

Na Florida, kabla hamjanivamia? Haya: bingwa wa 2020, 2021, 2023, 2024 na 2025 wote wametoka majimbo yasiyo na kodi ya mishahara. Siwezi kukataa kwamba dola inayobaki inasaidia kushawishi. Lakini Florida hiyo hiyo haikuwa na kodi hiyo miaka kumi mfululizo Panthers walipokosa hata kuingia mchujo, na hakuna aliyeiita njama. Mchezaji nyota John Tavares alihamia Toronto, Canada, mwaka 2018 kwenye kodi inayopita asilimia 53 akijua, na baadaye akaingia kwenye mvutano na mamlaka ya kodi ya Canada kuhusu malipo yake ya kusaini, madai ya kama dola milioni 8 za huko pamoja na riba. Yeye ana mawakili. Kijana wa Bakersfield ana mimi, na mimi nimekatazwa kutoa ushauri.

Shemeji akaichukua risiti, akaitazama mbele na nyuma, akaikunja akaitia mfukoni. Hakusema nimeshinda. Alisema nilipe nywele zake kwa kuwa nimemchelewesha, nikalipa.

Jumapili nilimpigia mama, nikamsimulia yote: Chicago, eskro, goti, 775,000 zilizogeuka 420,000. Akasikiliza kimya hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Kumbe Paye," akasema, "naye alipata viza."