Kilichoanguka ni nizam au ni nidhamu?

Kila zikitajwa habari za maandamano ya Waarabu ya 2011, yale yaliyowaangusha watawala wa Tunisia, Misri na Libya, lazima atokee mtu aseme "kwani Libya hamuioni?" na mazungumzo yanafia hapo, watu wanatikisa vichwa, mada inahama. Nimeisikia barazani, nimeisikia kwenye daladala, na siichukulii kama hoja ya kijinga hata kidogo, manake Libya tunaiona kweli na inauma. Ila nadhani tunaisoma haraka mno, na kuna neno moja ambalo Mswahili akilitafakari ataona ugomvi wote umejificha mle.

Kelele iliyoanzia Tunisia ikaenda Tahrir kule Misri, Benghazi ya Libya, Sanaa ya Yemen mpaka Daraa ya Syria ilikuwa moja: ash-shaab yurid isqat an-nizam, wananchi wanataka nizam iangushwe. Hiyo nizam ndo sisi tumeichukua tukaifanya nidhamu. Mtu wa Cairo akisema nizam anamaanisha utawala na mizizi yake yote, polisi wanaokuchukua usiku, jamaa za rais wenye makampuni, chama kinachoshinda kila uchaguzi, hakimu anayepigiwa simu. Sisi tukisikia nidhamu tunafikiria utulivu, mambo kwenda kwa utaratibu, mtoto kwenda shule na kurudi salama. Basi anayetetea maandamano anasema walikuwa wanaangusha nizam, anayeyapinga anasema waliangusha nidhamu, na ukienda nchi kwa nchi unakuta kila mmoja ana ushahidi wake mkononi.

Nianze na wanaopinga, kwa sababu wako wengi kwetu na wana sababu. Gaddafi aliitawala Libya miaka 42, mafuta yalikuwepo, watu walisoma na kutibiwa kwa pesa ya serikali, na huku kwetu jina lake liko kwenye msikiti mkubwa wa Kampala na ule wa Dodoma, kwa hiyo alipouawa Sirte tarehe 20 Oktoba 2011 watu wengi waliumia kama wamefiwa. Na kilichofuata kikawapa haki: wanamgambo kila mji, vita vipya 2014, serikali mbili mpaka leo, moja Tripoli na nyingine mashariki kwa kamanda wa kijeshi Haftar, halafu ile aibu ya 2017 ya video za vijana weusi wananadiwa kama mbuzi. Ukimwambia mtu aliyeona video ile kwamba uhuru una gharama zake atakuuliza gharama hiyo kalipa nani, na hana kosa.

Lakini twende Derna, mji wa mashariki ya Libya. Septemba 2023 mvua ya kimbunga ilipiga, mabwawa mawili juu ya mji yakapasuka usiku, maelfu ya watu wakasombwa mpaka baharini. Hapo wengi walisema unaona, enzi za Gaddafi lisingetokea. Sasa fuatilia historia ya mabwawa yenyewe. Yalijengwa miaka ya 1970, ripoti ya nyufa ilikuwepo tangu 1998, yaani Gaddafi yuko madarakani, pesa za mafuta zipo, na ukarabati haukuanza mpaka 2010. Ukasimama 2011 vita vilipoanza, makandarasi wakaondoka, na serikali zote zilizokuja baadae zikayaacha vile vile. Kwa hiyo nani kaua watu wa Derna? Mimi nasema wote wamo. Waliopindua wamo, kwa sababu walipata miaka 12 na hawakurudisha hata fundi mmoja. Na aliyepinduliwa yumo, kwa sababu alikaa na zile nyufa miaka 12 pia, na hakukuwa na bunge la kumuuliza wala gazeti la kuandika. Hii ndo nukta inayonikera tunapomlilia Gaddafi: tunahesabu vilivyobomoka baada yake, hatuhesabu alivyoacha bila kuvijenga. Vyama vilikuwa marufuku, katiba hamna, jeshi alilidhoofisha makusudi na silaha nzuri zikawa kwa vikosi vya wanawe. Nchi ikijengwa hivyo, siku mwenyewe akiondoka, hata kama angekufa kwa presha kitandani, nani angeshika usukani?

Na NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, je? Hapo siwezi kuwatetea kabisa. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi 2011, lilikuwa la kulinda raia, likageuzwa kuwa la kumwondoa mtu. Umoja wa Afrika ulituma ujumbe mwezi Aprili, rais Zuma wa Afrika Kusini akiwemo, Gaddafi akakubali mpango wao wa mazungumzo, waasi wa Benghazi wakaukataa kwa kuwa haukusema aondoke, na walioshika ndege za kivita hawakuwa na haja ya kuwasikiliza Waafrika. Sisemi mpango ule ungefaulu, ila haukupewa nafasi.

Misri ni kinyume cha Libya. Siku 18 tu za maandamano, rais Mubarak akaondoka tarehe 11 Februari 2011, vijana wakafagia uwanja wa Tahrir kwa mikono yao. Ila jeshi likabaki zima, pamoja na viwanda vyake, mashamba na mahoteli, na kumbe nizam ilikuwa ni lile jeshi, Mubarak alikuwa sura yake tu. Morsi wa Muslim Brotherhood akashinda urais 2012 kwa asilimia 51 na kitu, Novemba hiyo hiyo akajitangazia amri ya kuwa juu ya mahakama, watu wakakasirika, na Juni 2013 baadhi ya wale wale wa Tahrir walirudi barabarani kuomba wanajeshi waingilie. Waliingilia. Wamisri mpaka leo wanagombana ile ya 3 Julai 2013 iitwe thawra, yaani raia kuinuka, au inqilab, yaani jeshi kupindua, na sisi Kiswahili chetu kinaita yote mapinduzi, raia wakitoka mapinduzi, mwanajeshi akiteka redio mapinduzi, labda ndo maana tunachanganya. Tarehe 14 Agosti pale Rabaa, Cairo, walipokuwa wamekaa wafuasi wa Morsi, wakauawa watu mamia kwa siku moja. Huko nidhamu haikuanguka. Ilirudi, ikiwa kali kuliko ya mwanzo.

Tunisia ndiyo tuliyokuwa tunaitolea mfano. Walikuwa na jeshi dogo lisilo na biashara, na chama cha wafanyakazi, UGTT, cha tangu 1946, kwa hiyo mwaka 2013 wanasiasa wawili walipopigwa risasi na nchi ikaelekea kubaya, UGTT na wenzao watatu waliwakalisha mezani wakubwa wote, ikapatikana katiba ya 2014, wakapewa Nobel ya amani 2015. Mkate lakini haukupatikana. Sidi Bouzid, alikojichoma Bouazizi aliyekuwa akiuza matunda kwenye mkokoteni, ndo moto ulioanzisha yote haya, ilibaki maskini vile vile, serikali zikabadilishwa kama shati, na rais Kais Saied alipofunga bunge tarehe 25 Julai 2021 watu walitoka usiku kushangilia. Nawaelewa. Korona ilikuwa inaua kila siku, hospitali oksijeni hamna, wabunge wanapigana ukumbini. Leo wapinzani wako jela, na uchaguzi wa 2024 Saied alipata asilimia 90 huku hata theluthi ya wapiga kura haikujitokeza. Mwenye hoja ya kwanza atasema waliyataka wenyewe. Mimi naona waliambiwa wachague mkate au kura, na wakiacha kura wasiuone hata huo mkate.

Sasa Sudan, na hii ndo inayonilaza macho, kwa sababu ni jirani zetu na kwa sababu walifanya kila kitu tulichosema wengine hawakufanya. Desemba 2018 bei ya mkate ilipanda, watu wa mji wa Atbara wakatoka, kukawa na kamati za upinzani mtaa kwa mtaa, madaktari na walimu wakiwa mbele, wanawake wengi kuliko popote. Rais Bashir alipoondolewa tarehe 11 Aprili 2019 hawakufagia uwanja wakarudi nyumbani, somo la Misri walilijua, walikaa pale pale nje ya makao makuu ya jeshi, na jenerali aliyejitangaza mtawala akajiuzulu kesho yake. Walijua wanataka nizam yote iondoke, si kichwa kimoja tu. Tarehe 3 Juni wakashambuliwa, wengi wakauawa, wengine wakatupwa Nile. Wakakubali hata serikali ya pamoja na wanajeshi, Oktoba 2021 wanajeshi wakaipindua, na Aprili 2023 Burhan, mkuu wa jeshi, na Hemedti, mkuu wa kikosi cha RSF, wakaanza kupigana wao kwa wao.

Kwa anayepinga maandamano, Sudan ni ushahidi mkubwa kuliko Libya: hata ukifanya vizuri unaishia motoni. Siwezi kulifuta hilo, mamilioni wamehama makwao. Ila nauliza vita hivi vina nani ndani. Upande mmoja jeshi la Bashir, upande mwingine kikosi ambacho Bashir mwenyewe alikilea kutokana na wanamgambo wa Janjawidi kwa ajili ya vita vya Darfur. Waliotoka barabarani 2019 hawakuwa na bunduki hata moja kati ya hizi.

Na wapo bado. Vita vilipofika Khartoum, serikali ikakimbilia Port Sudan, benki zikafungwa, vijana wa zile kamati wakageuza mitandao yao ya mitaa kuwa vikundi vya misaada, wanaviita vyumba vya dharura, wakachangisha pesa kwa ndugu walioko Gulf na Ulaya, wakaanza kupika. Masufuria makubwa ya adesi na maharage ya ful, mara moja au mbili kwa siku, kila mtaa na jiko lake. Pande zote mbili zimewakamata, wengine wameuawa. Watu wanakuja na mabakuli, wazee na watoto wanatangulizwa, na wanaopanga foleni hiyo ni wale wale walioambiwa 2019 kwamba wataivuruga nchi.