720720: majina mengi, kazi gani?

Kijana wa kidato cha pili alituletea daftari lake barazani, hapa Langoni, Lamu. Alikuwa ametakiwa aeleze sifa za nambari 720720, naye kajaza nusu ukurasa: ni shufwa, si tasa, inagawanyika kwa jumla ya tarakimu zake, ambayo ni 18, na mengineyo. Mzee mmoja aliyeuza boriti miaka mingi akasoma, akacheka. "Mwanangu, majina umeipa. Kazi je?"

Mzee hakukosea. Kwenye hesabu mtu akitaka atabuni jina jipya kila siku, na baadhi ya majina hayo si ya nambari yenyewe bali ya uandishi wetu. Tunahesabu kwa makumi, ndiyo maana jumla ikawa 18. Iandike kwa sifuri na moja kama zifanyavyo kompyuta, jumla ya tarakimu inakuwa 12.

Ila hapo ndipo nilipoanza kuvutiwa, maana hata kwa 12 inagawanyika! Si bahati. 720720 ni 16×9×5×7×11×13, nambari ndogo kuliko zote zinazogawanyika bila baki kwa kila nambari kuanzia 1 hadi 16. Ina vigawo 240, na huku chini yake hakuna yenye vingi hivyo. Ramanujan, Mhindi aliyekuwa Uingereza wakati huo, alichapisha uchunguzi wa nambari za ukoo huu mwaka 1915. Sasa mtazame jirani yake, 720719: ni 31×67×347, vigawo vinane tu. Boriti 720720 ni korja 36,036 kamili, kila korja boriti ishirini. Ondoa boriti moja, korja ya mwisho imepunguka na ugomvi umeanza.

Kwa hiyo lile la tarakimu ni kivuli, na mti wenyewe ni vigawo. Kijana aliviandika vyote kwenye mstari mmoja, kama vina uzito sawa, na kosa hilo naliona kubwa kuliko wingi wa majina.

Na mzee naye ana la kujibu. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: yote ni mikoko, imeainishwa kwa unene, na fundi akisikia jina anajua mti utakaa wapi kwenye nyumba. Nani atamwambia hayo ni majina ya bure? Hata "tasa", neno ambalo kwa mtu ni tusi, kwa nambari si dosari. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe kwa kuzidisha nambari tasa mbili kubwa mno. Siri inalindwa na ugumu wa kuzitenganisha tena. Kwa kazi hiyo 720720, pamoja na utajiri wake, ni mlango usio na komeo.

Kijana hakubishana. Alimpa mzee kalamu: "Babu, andika tarakimu tatu zozote, kisha zirudie." Mzee akaandika 458458. Gawa kwa 7, kisha 11, kisha 13. Ikarudi 458. Kurudia hivyo ni kuzidisha kwa 1001, yaani 7×11×13, na 720720 yenyewe ni 720 iliyorudiwa.

Mzee akaomba ukurasa mwingine.