Kila Mtu Nairobi ni Asesa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi. Haikusema wangapi kati yao ni maasesa, yaani wamesomea ukaguzi wa magari yaliyogongwa, lakini hesabu hiyo nimeifanya mimi: ni wote. Kama huamini, gongwa kwa nyuma pale Jogoo Road ukikaribia raundabauti ya City Stadium, asubuhi watu wakikimbilia kazini. Kabla hujafungua mkanda, ripoti ya ukaguzi itakuwa tayari, na itasema huna kitu.

Mimi nilikuwa nimesimama. Sikuwa natambaa, nilikuwa nimesimama kabisa. Afisa wa trafiki alikuwa ameinua mkono, na Nairobi mkono wa afisa una nguvu kuliko taa zote, nyekundu na kijani zikiwemo. Matatu ya abiria 14 iliyokuwa nyuma yangu haikuuona mkono wala haikuniona mimi. Puu! Kichwa kikaenda nyuma, kikarudi mbele, miwani ikahamia kwenye dashibodi.

Wa kwanza kushuka alikuwa makanga. Hakuniuliza kama niko hai. Aliinama, akapangusa bampa ya Fielder yangu kwa kiganja, akapuliza vumbi, akatoa hukumu: "Mzee, hapa hakuna kitu. Ni rangi tu imeguswa. Shika hii elfu mbili, tusonge."

Abiria nao walikuwa wametoa vichwa madirishani. "Aki mzee, si gari liko sawa! Tunachelewa!" Mama mmoja mwenye kiondo akanihurumia: "Baba, mshukuru Mungu, ni bampa peke yake." Vijana wa boda boda wakafika, maana ajali Nairobi haikamiliki bila wao, na mmoja akaipiga bampa ngumi mara mbili. "Hii ni orijino," akasema. "Ingekuwa imeumia ungeona." Hata muuza njugu aliweka ndoo yake chini, akachungulia, akatikisa kichwa kwamba sina kesi. Nikajikuta mimi ndiye mtu mbaya pale barabarani.

Sasa hebu niiseme hii bampa, kwa sababu ndiyo imeniponza mbele ya umma. Bampa ya gari la siku hizi ni plastiki. Ni vazi tu. Nyuma yake kuna sponji ngumu, nyuma ya sponji kuna mhimili wa chuma, na mhimili umeshikwa na mbavu mbili za chasisi zinazopita chini ya buti. Waliotengeneza gari walitaka hizo sehemu za nyuma zijikunje kusudi, zimeze kishindo kabla hakijawafikia watu walioketi. Ni mpango mzuri, siulaumu. Tatizo ni kwamba plastiki ikisukumwa inaingia ndani, halafu inarudi nje na kutabasamu mbele za watu. Sponji iliyosagika hairudi. Chuma kilichojikunja hakirudi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wangemiliki gari wangeongeza kwamba hicho kipande nacho kimepinda.

Basi elfu mbili nikaikataa. Nikapiga picha, nikaandika namba ya matatu, jina la dereva na bima iliyo kwenye stika yake, tukaenda kituoni kuchukua abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali. Afisa akatoka nje na kalamu sikioni.

"Ajali iko wapi?"

"Nyuma, afande."

Akazunguka nyuma. Akazunguka mbele. Akarudi tena nyuma, labda ajali ilikuwa imejificha. Halafu akaandika maneno mawili ambayo yamenifuata kila ofisi tangu siku hiyo: *uharibifu mdogo*. Nilijaribu kumweleza habari za sponji na mbavu. Akaniangalia kwa upole ambao polisi huwawekea watu waliogonga kichwa.

Nyumbani Donholm mambo yalikuwa yaleyale. Soja wa geti alipiga tochi, akasema, "Mkubwa, mbona wanasema uligongwa?" Mama Njeri naye alishuka na simu inayomulika, akakagua kimyakimya, halafu akaniuliza, "Baba Njeri, kwa hivyo ulichelewa kufika kazini, ukachelewa kurudi nyumbani, kwa sababu ya *hii*?" Ningekuwa na mpango wa kando ningeeleweka upesi zaidi.

Siku iliyofuata shingo ilileta madai yake. Iligoma kugeuka kushoto. Daktari akasema ni kawaida, kwamba kichwa kikirushwa nyuma na mbele ile misuli na kano huvutwa, na mara nyingi maumivu husubiri mpaka mwili umepoa ndipo yajitangaze. Kazini wenzangu waliniona nikigeuka mwili mzima ili kusalimia mtu, wakauliza kama nilitoka damu. Hapana. Basi wakarudi kwenye chai yao. Mji huu bila damu na bila bampa iliyoning'inia wewe ni msanii.

Halafu gari nalo likaanza kuzungumza. Buti likakataa kufunga mpaka ulibamize. Mvua iliponyesha, pale chini ya zulia linapokaa tairi la spea pakawa na maji ya kutosha kulea kambale. Chini kukaanza kelele ya bati kila nikipita tuta, na Nairobi tuta ni mwanafamilia. Tairi la nyuma kushoto likaanza kulika upande wa ndani. Barabarani, mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu aliniambia gari linatembea upande kama kaa, nyuma inaelekea Umoja na mbele inaelekea mjini.

Nikaita bima. Wengi huuliza kwa nini sikumfuata mwenye matatu. Stika ya lazima, ile inayodaiwa na sheria yetu ya Sura ya 405, inawahusu watu walioumizwa. Ukitaka mabati yako yashughulikiwe bila kumkimbiza mtu, unakata bima kamili na kuilipia kila mwaka kwa uchungu. Kampuni yako inakutengenezea, kisha inakwenda kudaiana na kampuni ya aliyekugonga. Kwenye karatasi ni utamu mtupu.

Asesa akaja. Asesa mwenyewe sasa, mwenye cheti, si wale wa Jogoo Road. Alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari ungeweza kukata mkate, na nilipoiona ile suruali nilijua hakuna mtu atakayeinama leo. Akapiga picha akiwa wima. Nikamwambia habari za maji. "Hiyo ni raba ya mlango wa buti, huzeeka." Nikamwambia habari za kelele. "Barabara zetu, mzee." Nikamwambia habari za tairi. Akasema niende kwa alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Akaandika: bampa, kupaka rangi, shilingi 12,000.

Hapo ndipo nilipotambulishwa kwa mtu anayeitwa eksesi. Eksesi ni ile sehemu ya hasara ambayo bima inakuachia ubebe mwenyewe kabla yao hawajatia mkono mfukoni. Yangu haishuki chini ya 15,000. Piga hesabu. Hasara 12,000, eksesi 15,000. Kampuni hainidai, kweli, lakini kwa jinsi yule dada wa simu alivyoongea nilihisi nimebakisha deni la elfu tatu.

Na bado wakanitumia karatasi niweke sahihi, kwamba nimeridhika, dai limekwisha na sitarudi tena na neno lolote kuhusu ajali hiyo. Nimeridhika na nini? Shemeji yangu, ambaye anajua kila kitu isipokuwa kulipa kodi ya nyumba, alikuwa amekaa kochini kwangu. Akasema, "Weka sahihi, shem, usisumbuane na watu wakubwa." Karatasi ile ni mlango wa upande mmoja. Ukiweka sahihi, siku chuma kitakapojitokeza utakuwa unazungumza na ukuta. Nikaiweka juu ya friji, chini ya chombo cha sukari, na iko pale hadi leo ikinata.

Nikapeleka gari Kariobangi Light Industries. Fundi wangu hana cheti ukutani, hata ukuta wenyewe hana, ila ana jeki na hana pasi. Alilala chini kabla sijamaliza salamu. Baada ya muda nikasikia sauti kutoka chini ya gari: "Mkubwa, hii gari imekuwa ikikuficha mambo."

Akang'oa klipi, bampa ikatoka. Sponji ilikuwa imepasuka vipande. Mhimili umeingia ndani katikati. Paneli ya nyuma imejikunja, ndiyo maana buti lilikuwa linagombana na kufuli yake. Sakafu inapokaa tairi la spea ilikuwa na mkunjo, na ile gundi ya viwandani inayoziba maungio ya bati imeachana. Hapo ndipo kambale wangu walipokuwa wakiingilia. Ekzosi imesukumwa mbele, kishikio chake kimekatika. Na ule ubavu wa kushoto wa chasisi ulikuwa na makunyanzi. Fundi alipitisha kidole juu yake taratibu, akanyamaza, na fundi wa Kariobangi akinyamaza jua bei inapikwa.

Lakini alifanya jambo moja la busara, na namsifu hapa kwa sababu ana kawaida ya kupoteza spana zangu. Hakugonga chochote. Alipiga picha kila kitu kwa simu, tarehe ikionekana, chuma kilichopasuka rangi kiking'aa. Akarudisha bampa. "Ukitengeneza kabla hawajaona," akasema, "watakuambia hawakuona." Nikawaandikia bima: nataka ukaguzi wa pili, safari hii gari likiwa juu na bampa ikiwa chini.

Hapo tukaingia kwenye msimu wa kusubiri. Faili iko kwa mkubwa. Mkubwa yuko kwenye semina. Mkubwa amerudi lakini faili imekwenda tawi. Kwenye simu wana wimbo wa kinanda wanaokuwekea, na sasa Njeri anaupiga kwa mdomo akiosha vyombo. Niliwaambia kuna mamlaka ya serikali inayosimamia bima na kupokea malalamiko, na kwamba nawajua kwa jina, IRA. Faili ikapatikana jioni hiyo hiyo.

Katikati ya hayo yote, mvua za Nairobi zilinyesha kama zilivyopenda.

Asesa akarudi, safari hii na ovaroli, nikajua amepigiwa simu. Akainama. Kwa kweli namhesabia, aliinama mpaka magoti yakagusa oili. Bampa ikang'olewa. Akamulika tochi, akagusa, akatazama kidole chake, akasimama na furaha ya mtu aliyeokota noti.

"Kutu," akasema. "Hii ni ya zamani. Hii gari iligongwa kabla."

Hebu simama hapo kidogo. Chuma kikivunjika leo, mahali rangi ilipopasuka panang'aa. Ukikiona kina kutu, unasema ni cha kitambo. Hiyo ni akili na siipingi. Lakini nani aliyekiacha chuma changu wazi masika yote wakati faili ikitalii matawini? Yaani wamenichelewesha mpaka nikashika kutu, kisha kutu ikawa ushahidi wao.

Fundi hakusema kitu. Alijipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono, akatoa simu, akamwonyesha picha. Chuma kinang'aa, tarehe iko pale juu, makunyanzi ni yaleyale. Asesa akatazama picha, akatazama ubavu, akatazama picha. Akakohoa. Akaandika ripoti ya nyongeza, na kwa mara ya kwanza yale maneno ya *uharibifu mdogo* yakakosa mahali pa kukaa.

Wakakubali paneli, mhimili, sakafu, na kunyoosha ubavu kwenye mashine. Ekzosi wakaikataa, eti uchakavu. Kwenye spea mpya wakakata asilimia, kwa hoja kwamba gari langu ni la zamani na mhimili mpya utanitajirisha. Eti nitatajirika kwa chuma kilichofichwa nyuma ya plastiki, ambacho hata soja wa geti hakiamini kipo. Na eksesi yangu iko palepale, nailipa mimi niliyekuwa nimesimama. Shemeji, ambaye sasa amekuwa wakili, ananiambia nimpeleke mwenye matatu kwenye Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ile iliyoanza kazi 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi milioni moja na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Wazo si baya. Ninachoogopa ni kwamba shemeji amesema atanisindikiza.

Kwa sasa gari liko kwa fundi, na mimi napanda matatu. Spea mpya zilivyokuwa bei, tumekubaliana na bima kwamba fundi achukue sehemu za nyuma kutoka kwa zile nusu-gari za Japani zinazouzwa Kirinyaga Road. Nikaenda kuiona. Imekatwa vizuri, rangi karibu ifanane na yangu. Nikapata wasiwasi, nikamuuliza fundi: na kama nayo iligongwa nyuma huko kwao?

"Haiwezekani," akasema. "Hii iligongwa mbele, ndiyo maana wakaikata."

"Umejuaje?"

"Mkubwa, si uiangalie bampa. Haina hata mkwaruzo."