Clinton kwa Obama, Rubio kwa Trump: mpinzani anapokabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje

Tangu Raila Odinga afariki dunia Oktoba 2025, swali la iwapo chama chake cha ODM kibaki katika serikali jumuishi ya Rais William Ruto limekuwa gumzo la kila siku mjini Kisumu. Wanaotaka chama kibaki wana mfano wanaoupenda. Barack Obama, ambaye huku Nyanza tunamhesabu kuwa wetu, alimshinda Hillary Clinton katika mchujo mkali wa mwaka 2008, kisha akamkabidhi Wizara ya Mambo ya Nje. Kama yeye aliweza kukaa meza moja na mtu aliyepambana naye mwaka mzima, wanauliza, sisi tunakataa nini? Wanaopinga hujibu kwamba Clinton aliingia kwa masharti yake, hakuingia kwa njaa ya cheo. Naona pande zote mbili zinautaja mfano huo kwa haraka mno. Uteuzi ule ulileta faida kubwa na madhara makubwa, na madhara yenyewe hayakutokea pale yalipotazamiwa.

Tuanze na ugomvi, kwa sababu miaka imepita na wengi wameusahau. Oktoba 2002 Obama, akiwa bado seneta wa jimbo la Illinois tu, alihutubia mkutano Chicago akipinga vita vya Iraq. Mwezi huohuo Clinton, akiwa Seneti mjini Washington, alipiga kura ya kumruhusu George W. Bush kutumia nguvu za kijeshi. Tofauti hiyo ndiyo iliyomjengea Obama kampeni yake yote. Julai 2007 Obama aliposema yuko tayari kukutana na viongozi wa Iran, Cuba na Korea Kaskazini bila masharti, Clinton alimwambia hadharani kwamba huo ni uzembe na ugeni wa mambo. Miezi michache baadaye kampeni ya Clinton ikarusha tangazo la televisheni lenye simu inayolia Ikulu saa tisa usiku, likiwauliza wapiga kura wanataka nani aipokee. Kwa maneno mengine, hawa wawili waligombana hasa kuhusu mambo ya nje. Halafu tarehe 1 Desemba 2008, mjini Chicago, Obama akamtangaza kuwa waziri wa wizara hiyohiyo.

Ndiyo maana wafuasi wengi wa Obama walikasirika, na hasira yao ilikuwa na msingi. Walikuwa wamejitolea miezi na miezi kumwondoa aliyeunga mkono vita vya Iraq, na sasa anarudishwa kupitia mlango wa mbele. Kulikuwa na swali la mume wake pia. Wakfu wa Bill Clinton ulikuwa ukipokea fedha kutoka kwa wafadhili wa kila aina, zikiwemo serikali za kigeni, na ilibidi orodha ya wafadhili zaidi ya 200,000 iwekwe wazi Desemba hiyo kabla ya Seneti kumhoji. Swali hilo lilizimwa, halikujibiwa. Na kulikuwa na hofu kubwa kuliko zote: kwamba angeitumia wizara kujijenga kwa uchaguzi ujao, akimchimba bosi wake chinichini.

Waliounga mkono uteuzi walikuwa na hoja nzito pia. Clinton alikuwa amepata takriban kura milioni 18 katika mchujo, na kiongozi anayezipuuza kura za namna hiyo ndani ya chama chake anajitafutia matatizo. Alikuwa anajulikana duniani kote, jambo lililokuwa na thamani kwa serikali iliyorithi vita viwili na uchumi unaoporomoka. Na bila kusema kwa sauti, wengi walijua kwamba ni afadhali awe Baraza la Mawaziri kuliko Seneti, ambako angeweza kuwa rais wa pili. Mwenyewe alisita, akakataa mwanzoni, na alipokubali alihakikishiwa kwamba angemfikia rais moja kwa moja na kuchagua wasaidizi wake. Ahadi ya pili haikutimia yote: alipotaka kumwajiri Sidney Blumenthal, aliyemshambulia Obama vikali wakati wa mchujo, Ikulu ilikataa. Tarehe 21 Januari 2009 Seneti ilimwidhinisha kwa kura 94 dhidi ya 2.

Siku zile magazeti ya Marekani yalijaa jina la Abraham Lincoln, ambaye mwaka 1861 alimteua mpinzani wake wa chama, William Seward, kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kisa hicho husimuliwa kama hadithi ya msamaha. Kinachorukwa ni kwamba mwezi haujaisha tangu aanze kazi, tarehe 1 Aprili 1861, Seward alimwandikia Lincoln waraka uliomaanisha kwamba yuko tayari kuiongoza serikali yeye mwenyewe. Lincoln alikataa kwa utulivu, akabaki naye, na Seward akaja kuwa mwandani wake. Msamaha pekee haungetosha pale. Lincoln alimtambua mshindani wake, akamsikiliza, kisha akajua wapi pa kumwambia hapana.

Kisumu ilizipokea habari za Clinton kwa sikio la pekee, na si kwa sababu ya Kogelo, kijiji cha baba yake Obama, tu. Mwaka huohuo wa 2008 sisi tulikuwa tumetoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi yaliyoua zaidi ya watu 1,100 nchini. Maduka katikati ya mji wetu yalikuwa yameteketea. Tarehe 28 Februari Mwai Kibaki na Raila walitia saini mapatano mbele ya Kofi Annan, na tarehe 17 Aprili Raila akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Tukapata serikali ya nusu mkate, yaani ya kugawana madaraka. Kwa hiyo tuliposikia kwamba Obama naye amemwita mpinzani wake, wengi tulisema: hata wao wamefanya nusu mkate.

Hapo ndipo mfano unapoyumba. Raila hakuteuliwa na Kibaki kwa hisani. Cheo chake kilitokana na sheria iliyopitishwa na Bunge, na Kibaki hakuwa na uwezo wa kumfuta kazi asubuhi moja kwa tangazo la redio. Clinton alikuwa waziri kwa ridhaa ya rais, na siku yoyote angeweza kuondolewa. Nguvu yake ilitoka kwingine: jina, kura, na ukweli kwamba kumfukuza kungemgharimu Obama kisiasa. Nguvu ya aina hiyo haiandikwi popote. Ipo mpaka pale mwenyewe anapoacha kuitumia. Mtu anayetaka kuulinganisha mfano wa Obama na serikali jumuishi ya leo lazima kwanza aseme anazungumzia nguvu ipi, ya kisheria ama ya jina, maana mkataba wa UDA, chama cha Ruto, na ODM wa tarehe 7 Machi 2025 ni makubaliano ya vyama viwili. Hauna uzito wa ile sheria ya 2008.

Hofu ya usaliti haikutimia. Agosti 2009 Clinton alifika Nairobi kwa mkutano wa AGOA, mpango wa biashara kati ya Marekani na Afrika, akakutana na Kibaki na Raila, akawabana kuhusu kukosa kuunda mahakama maalumu ya kuwashtaki waliochochea ghasia. Alisema hivyo katika nchi ya baba yake Obama, na hakuna aliyepata mwanya wa kuutenganisha ujumbe wake na wa bosi wake. Wanasiasa wetu waliokuwa wakitumaini kwamba rais mwenye damu ya Kenya angekuwa mpole walielewa siku ile. Kwa miaka minne hakuonekana akiendesha sera yake pembeni. Alizuru nchi 112, akaondoka Februari 2013. Katika hili waliomtetea Obama walikuwa sahihi, na nawapa haki yao.

Madhara yalikuja kupitia mlango ambao karibu hakuna aliyeulinda. Clinton hakumsaliti Obama. Alimshawishi.

Machi 2011, Muammar Gaddafi akielekea kuuzima kwa nguvu uasi wa Benghazi, Makamu wa Rais Joe Biden na Waziri wa Ulinzi Robert Gates walimshauri Obama asiingize Marekani katika vita vingine. Clinton mwanzoni alisita. Baada ya kukutana na viongozi wa upinzani wa Libya na wanadiplomasia wa nchi za Kiarabu mjini Paris katikati ya mwezi, aliegemea upande wa kuingilia, na uzito wake ukasaidia kuinamisha mizani. Tarehe 17 Machi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1973, lililoruhusu nguvu za kijeshi kuwalinda raia wa Libya, kwa kura 10, huku nchi 5 zikijizuia. Umoja wa Afrika ulikuwa tayari umeunda kamati ya marais watano kutafuta suluhu ya mazungumzo. Ilipanga kwenda Libya tarehe 20 Machi, ikanyimwa ruhusa. Mabomu yalikuwa yameanza kuanguka siku moja kabla.

Gaddafi aliuawa tarehe 20 Oktoba 2011. Libya iligawanyika mikononi mwa makundi yenye silaha. Wapiganaji na bunduki walivuka jangwa hadi Mali, uasi ukaanza Januari 2012, mapinduzi yakafuata Machi, na ukanda wa Sahel haujatulia hadi leo. Septemba 2012 balozi wa Marekani, Chris Stevens, na Wamarekani wengine watatu waliuawa Benghazi. Mwaka 2016 Obama alikiri kwamba kosa lake kubwa zaidi huenda lilikuwa kutojiandaa kwa siku iliyofuata kuanguka kwa Gaddafi, ingawa aliendelea kuamini kwamba kuingilia kulifaa. Mimi siamini kulifaa. Lakini siwezi kusema ni Clinton aliyeamua. Aliyetia saini ni rais, na rais alikuwa amesikia pande zote mbili chumbani mwake.

Kwa hilo ninatofautiana na wale wanaoichukua Libya kama ushahidi kwamba mpinzani hapaswi kupewa cheo. Mshauri mwenye nguvu anaweza kukosea kwa nguvu. Hiyo ni gharama yake, na katika suala la Libya Waafrika ndio walioilipa zaidi. Lakini gharama ya upande wa pili tumeiona pia, tena hapa karibu kabisa.

Marco Rubio aligombea tiketi ya Republican dhidi ya Donald Trump mwaka 2016. Alimwita Trump tapeli, naye Trump akambandika jina la Marco Mdogo. Alishindwa vibaya nyumbani kwake Florida na kujiondoa. Januari 2025 Seneti ilimwidhinisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa kura 99 bila ya kupinga hata moja. Kwa miaka mingi akiwa seneta, Rubio alitetea misaada ya Marekani nje ya nchi. Aliwahi kuandika kwamba misaada hiyo haifikii asilimia 1 ya bajeti, si sadaka, na ni muhimu kwa usalama wa taifa lake. Trump alisimamisha misaada siku yake ya kwanza ofisini. Tarehe 10 Machi 2025 aliyetangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa ni Rubio huyohuyo.

Huku kwetu hilo halikuwa suala la nadharia. Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori ndizo kaunti zenye maambukizi ya Ukimwi ya juu zaidi nchini, na kliniki nyingi zilikuwa zimesimama juu ya fedha za Marekani. Wahudumu waliachishwa kazi, wagonjwa wa CCC, yaani kliniki maalumu za wenye virusi vya Ukimwi, wakaambiwa wajiunge na foleni ya kawaida. Ni Kisumu hiihii ambako Agosti 2006 Obama, akiwa seneta, alipimwa Ukimwi hadharani pamoja na mkewe Michelle ili kuwatoa watu hofu. Trump alikuwa na mpinzani wa zamani aliyezijua faida za misaada kuliko wengi, na ujuzi huo haukumwokoa mtu yeyote. Rubio alimezwa.

Wapo watakaosema simtendei haki: kwamba waziri hutekeleza sera ya rais, na asiyeweza ajiuzulu. Ni kweli, na ndivyo Katiba yao inavyotaka. Huenda pia akawa ameokoa mengine ndani kwa ndani, kwani dawa za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea. Ila Clinton naye alitekeleza sera ya rais. Tofauti ni kwamba ulipoangalia uamuzi wa Obama, uliona alama ya mkono wa Clinton, kwa heri ama kwa shari. Ukiangalia kufungwa kwa USAID, huoni popote alama ya yule Rubio aliyekuwa Seneti.

Ningechagua hatari ya Clinton kuliko usalama wa Rubio. Na kwa viongozi wetu wa ODM walioingia serikalini Agosti 2024, John Mbadi katika Hazina, Opiyo Wandayi katika Kawi, Wycliffe Oparanya na Hassan Joho, swali langu si kama waliisaliti Nyanza kwa kukubali kazi. Wananchi wawaulize ni uamuzi upi wa serikali ulibadilika kwa sababu wao walikuwa chumbani, wataje wizara, mwaka na kiasi cha fedha.

Swali hilohilo linamfaa Musalia Mudavadi wa Vihiga, aliyegombea urais mwaka 2013 dhidi ya tiketi ya Uhuru Kenyatta na Ruto, na leo ndiye mwanadiplomasia mkuu wa Ruto. Tarehe 4 Desemba 2025 yeye na Rubio walitia saini mjini Washington mkataba wa afya wa miaka mitano, Marekani ikiahidi hadi dola bilioni 1.6 na Kenya ikiongeza matumizi yake. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu inayohusu kupeana data za wagonjwa. Mudavadi anapaswa kufika Kisumu na Homa Bay kueleza nini kilikubaliwa kuhusu data hizo, na nani atawalipa wahudumu wa kliniki fedha za Marekani zitakapopungua.